Noto Serif Kannada, wenzake na kibodi zao: nimezipima kwa alama moja tu, dirgha

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: kama unatafuta fonti ya Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini mwa India, ya kupangia kitabu, menyu au kadi ya harusi, chukua Noto Serif Kannada. Ni bure, haina longolongo, na kwenye kitu ambacho mi nakiangalia kuliko vyote haijawahi kuniangusha. Kitu chenyewe ni alama ya irabu ndefu, wachapaji wa huku Mysuru wanaiita dirgha, ule mkia unaokaa kulia kwa herufi hivi ೕ, na nikiona mtu anasifia fonti ya Kikannada kwa uzuri wa maumbo tu bila kugusa huo mkia najua bado hajaifanyia kazi ya mteja.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tupo wengi Karnataka, Bengaluru, Mysuru, Mangaluru, wengi wamekuja kusoma, na kila anayejua dizaini kidogo lazima siku moja jirani au mwenye hosteli amuombe bango au menyu ya Kikannada. Anafungua laptopu, anakopi maneno kutoka WhatsApp, anapesti, anaona herufi zimekaa vizuri kwenye skrini, anapeleka kuprinti. Lugha yenyewe hajui kusoma, kwaiyo hamna namna ya kujua kilichoharibika mpaka mwenye mali aje juu. Hii ripoti ni ya huyo mtu.

Kwa asiyeyajua haya maandishi kabisa: konsonanti ya Kikannada ikikaa peke yake tayari ina "a" ndani. ಕ ni ka, ನ ni na, ರ ni ra. Ukitaka ki, ku, ke, ko huandiki herufi nyingine, unaipachika ile konsonanti alama ya irabu, juu au kulia au pote pawili, na jedwali zima la konsonanti na alama zake linaitwa kagunita, watoto wa huku wanalikariri shule kama sisi tulivyokariri a e i o u. Sisi tukitaka kurefusha tunaandika irabu mara mbili, kaa, choo, mguu, tumemaliza. Wao fupi na ndefu ni irabu tofauti, na kwa i, e na o tofauti hiyo inabebwa na dirgha. ನಿ ni "ni" fupi, weka mkia inakuwa ನೀ. ಬೆಳೆ ni mazao ya shamba, ಬೇಳೆ ni dengu. Yaangalie tena hayo mawili taratibu, kilichobadilika ni mkia mmoja baada ya herufi ya kwanza, basi. Na bisi bele bath, ule wali wa dengu wa moto ambao migahawa ya Karnataka inauza tangu asubuhi, "bele" yake ni hiyo yenye mkia, ಬೇಳೆ, kwaiyo ukidondosha dirgha kwenye menyu umeandika mazao badala ya dengu kwenye chakula ambacho kila mtu pale anakijua toka utotoni, na ubao unaning'inia ukutani miezi.

Sasa twende ndani ya kompyuta, hapa ndo penyewe na ntakaa sana. Unicode, mfumo wa dunia nzima unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, waliipa Kikannada eneo lake tangu toleo la kwanza la 1991, kuanzia 0C80 mpaka 0CFF, na kila herufi na kila alama ikapata namba. ನ ni 0CA8, ರ ni 0CB0, alama ya i fupi ಿ ni 0CBF, alama ya i ndefu ೀ ni 0CC0. Mpaka hapo safi. Ila dirgha yenyewe, ule mkia ukiwa peke yake, nao ukapewa namba, 0CD5. Maana yake i ndefu unaweza kuiandika kwa namba moja, 0CC0, au kwa namba mbili, 0CBF ikifuatiwa na 0CD5, i fupi alafu mkia. Kwenye skrini ni kitu kile kile, hata uweke lenzi.

Chukua neno maji, ನೀರು, linasomeka niiru. Njia ya kwanza: ನ, ೀ, ರ, ು, namba nne. Njia ya pili: ನ, ಿ, ೕ, ರ, ು, namba tano. Ukilihifadhi kwa UTF-8, njia ya kawaida ya kuziandika hizo namba kwenye faili, kila namba ya Kikannada inakula baiti 3, kwaiyo neno lile lile mara ni baiti 12 mara ni 15. Alafu njoo kwenye kuku, ಕೋಳಿ, kooli, hapo ndo utashangaa. Alama ya o ndefu ೋ ina namba yake moja, 0CCB. Pia inaweza kuandikwa kama o fupi na mkia, 0CCA na 0CD5. Pia inaweza kufumuliwa kabisa ikawa vipande vitatu, e fupi, uu, na mkia, 0CC6, 0CC2, 0CD5, na ukiitazama ile herufi ಕೋ kwa makini utaviona vyote vitatu kwa macho, kimoja juu ya ka, kimoja kulia, na mkia mwishoni kabisa. Alama moja ya irabu, maandishi matatu tofauti ndani ya faili, na jicho haliwezi kuyatofautisha.

Unicode wenyewe wametamka kwamba hizo njia ni sawasawa, programu inatakiwa izichukulie kuwa ni neno moja. Tatizo ni kwamba programu nyingi zikilinganisha maneno zinalinganisha namba kwa namba, na kwa namba hayo maneno hayalingani. Jirani zao Watelugu maandishi yao yanafanana sana na haya, hata namba zimekaa sambamba, e fupi ya Kitelugu ni 0C46 na ya Kikannada ni 0CC6, mpangilio ambao chanzo chake ni kiwango cha zamani cha India kinachoitwa ISCII, ila i ndefu ya Kitelugu haina mambo ya kufumuliwa, ni namba moja kwa sababu irabu yao ndefu haichorwi kwa kuongeza mkia pembeni. Kwaiyo usije ukafikiri ukishajua moja umejua zote.

Mtu atauliza, kwa nini wasingeiacha iwe namba moja tu yaishe? Jibu liko kwenye ಶ್ರೀ. Hili neno, shrii, utaliona kila sehemu huku, juu ya kadi za harusi, kwenye mabango ya maduka, mbele ya majina ya watu na ya mahekalu. Linaandikwa sha, alama ya kuua irabu, ra, alafu i ndefu. Ila likichorwa, ra inakuwa herufi ndogo inayokaa chini, wanaiita ottu, na i ndefu inapasuka mara mbili: kile kipande cha i kinapanda juu ya sha, alafu mkia unaruka, unapita ile ra ndogo, unakaa mwisho kabisa kulia. Yaani alama ni moja, ila kipande kimoja kiko kwenye herufi ya mwanzo na kingine kimevuka herufi nyingine katikati. Programu ya kuchora maandishi haiwezi kufanya hivyo bila kuifumua ile namba moja kwanza, na ndo maana HarfBuzz, ambayo ndiyo inayochora maandishi ndani ya Chrome, Firefox, Android na LibreOffice, inaifumua yenyewe kimya kimya kabla ya kuchora. Faida yake ni kwamba ukileta maandishi ya namba moja au ya vipande, yanatoka sawa. Hasara yake ni hiyo hiyo, huwezi kujua kwa macho una yapi.

Ndo maana mtihani wangu wa fonti ni mfupi na ni ule ule siku zote. Naandika ಶ್ರೀ, ನೀರು, ಕೋಳಿ, ಬೇಳೆ, na neno dirgha lenyewe, ದೀರ್ಘ, ambalo lina mkia na lina ile ra inayorukia nyuma ya herufi inayofuata. Naandika mara ya kwanza kwa namba moja moja, mara ya pili kwa vipande, naweka mistari miwili juu chini, nakuza mpaka herufi zijaze skrini. Mkia ukikaa mbali na mwenzake, ukigongana na ottu, au ukitokea kile kiduara cha nukta nukta kinachoashiria kwamba alama imekosa konsonanti ya kukalia, hiyo fonti au hiyo programu siitumii.

Noto Serif Kannada inapita mistari yote miwili bila shida. Mkia wake unashikana vizuri, kwenye ಶ್ರೀ unasogea kulia kiasi cha kuipisha ile ra bila kuacha pengo la ajabu, na unene wake unaendana na herufi, haufifii hata ukiandika pointi 9 kwenye karatasi ya bei rahisi, na hapo ndo fonti nyingi huwa zinaishiwa, mkia unakuwa kama uchafu wa wino. Ina uzito kuanzia mwembamba kabisa mpaka mweusi kabisa, ngazi 9, kwaiyo kitabu kizima unakipanga na fonti moja, vichwa vya habari na maandishi ya ndani. Leseni yake ni ya SIL, ile ya OFL, maana yake unaprinti, unauza kitabu, unaiweka kwenye tovuti ya mteja, hakuna wa kukudai. Ndugu yake Noto Sans Kannada nayo ni hivyo hivyo, mi naitumia kwenye mabango, mabasi na vitu vya kusomwa kwa mbali, na kwenye menyu yenye bei nyingi. Jina Noto linatokana na kukataa tofu, yale maboksi matupu yanayotokea herufi ikikosa fonti.

Kasoro? Inahitaji nafasi. Kikannada kina vitu juu na vina ottu chini, ukibananisha mistari kama unavyobananisha Kiswahili, ottu za mstari wa juu zinakanyaga alama za i na e za mstari wa chini, na ukizikanyaga hizo umepoteza irabu vile vile. Mi naacha kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi, wateja wengine wanalalamika kurasa zinaongezeka, nawaambia karatasi ni nafuu kuliko kuprinti upya.

Kwa kitabu cha mashairi au kitu cha heshima ijaribu Tiro Kannada. Imetoka kwa Tiro Typeworks wa Canada, na asili yake ilichorwa kwa ajili ya vitabu vya Murty Classical Library of India, ile mfululizo wa maandiko ya kale ya India, na inaonekana kabisa kwamba wachoraji walikaa na vitabu vya zamani vilivyopangwa kwa herufi za risasi. Mkia wake ni mzuri kuliko wote niliowaona, una mpindo, unatoka kwenye herufi utafikiri umeandikwa kwa mkono mmoja bila kunyanyua kalamu. Nayo ni bure. Ila ina wima na italiki tu, haina nene, kwaiyo usiingie nayo kwenye kitabu cha shule chenye vichwa vidogo vidogo kila ukurasa. Na tafadhali usibonyeze kile kitufe cha B ili programu ikunenepeshee kwa nguvu, inachofanya ni kuupaka wino ukingo mzima wa herufi, ule uwazi mdogo kati ya mkia na herufi unazibika, na dirgha inageuka doa.

Anek Kannada ya Ek Type ni ya kisasa, ina uzito mwingi na unaweza pia kuibana au kuitanua kwa upana, nzuri sana kwa vichwa vya habari na app, ila ukiibana mpaka mwisho tazama ಕೋ kwa makini kwa sababu vile vipande vitatu vinasogeleana. Baloo Tamma nayo ni ya hao hao Ek Type, nene, ya duara, ya furaha, iweke kwenye bango la watoto au la juisi. Basi.

Sasa kuna kundi ambalo nataka nilizungumzie kwa kirefu kidogo, fonti za zamani. Kabla Unicode haijaenea kwenye kompyuta za watu, Kikannada kiliandikwa kwa ujanja: fonti inabeba maumbo ya Kikannada lakini chini yake kuna herufi za Kilatini na alama zake. Programu za Nudi ya chama cha Kannada Ganaka Parishat na Baraha iliyoanza 1998 ni kati ya zilizobeba uandishi wa Kikannada kwa kompyuta kipindi hicho, na nawaheshimu sana waliozitengeneza, bila wao ofisi na wachapaji wa jimbo zima wangebaki na mashine za taipu, na baadaye zote mbili ziliongezewa Unicode. Ila mafaili ya kipindi kile bado yapo kila kiwanda cha uchapaji, tena mengi mno. Ukilifungua faili kama hilo bila fonti yake unaona ¤ÃgÀÄ. Hayo ni maji, ನೀರು. Ile ¤ ni "ni", ile à ni mkia, dirgha, alafu gÀ ni ra na Ä ni u. Na PÀ£ÀßqÀ ni neno Kannada lenyewe.

Angalia kilichotokea hapo. Kwenye ule mfumo mkia ulikuwa ni kipande kinachojitegemea, unaandika "ni" alafu unabandika mkia, kama mpangaji wa risasi alivyokuwa anachukua kipande toka kwenye kisanduku. Kwaiyo faili la zamani likipitishwa kwenye kigeuzi cha kulileta Unicode, kigeuzi makini kinaona "ni" na mkia kinaviunganisha kuwa 0CC0. Kisicho makini kinageuza kipande kwa kipande, unapata 0CBF na 0CD5. Cha hovyo zaidi kinautupa mkia kabisa kwa sababu hakikujua à ni ya nini baada ya herufi fulani. Nimewahi kupokea kazi ya kiwanda kimoja hapa, sikitaji, nusu ya kitabu kimechapwa upya kwa Unicode na nusu kimegeuzwa, na kwenye skrini huoni mshono wowote, ila ukitafuta neno lenye i ndefu unalipata mpaka katikati ya kitabu alafu linapotea, na faharasa ya nyuma ya kitabu ikatoka na neno lile lile mara mbili, kila moja na kurasa zake.

Mzee mmoja anayesoma prufu pale, mi namwita anna, yaani kaka, kama wanavyomwita wote, ndiye aliyenifundisha kusoma ukurasa kwa kufuata mikia. Anashika rula, anashuka mstari kwa mstari, haangalii herufi. Alinieleza kwamba herufi ikiharibika kila mtu anaiona, ila dirgha ikidondoka neno linabaki neno, lingine, na hakuna programu wala mtu mwenye haraka atakayestuka. Tangu hapo hata mi ambaye Kikannada changu ni cha sokoni naweza kukamata makosa ambayo wenye lugha yao wameyapita.

Kibodi sasa. Ya kwangu ya kila siku ni InScript, ule mpangilio wa serikali ya India wa tangu 1986, upo tayari kwenye Windows, Mac na Linux, huhitaji kushusha kitu. Irabu zote ziko mkono wa kushoto na konsonanti nyingi kulia, na alama ya irabu ndefu ni kitufe kimoja kinachotoa namba moja. ನೀರು ni v, r, j, g. ಬೇಳೆ ni y, s, shifti na n, alafu z. Kitufe s ni e ndefu, z ni e fupi, viko karibu karibu, hapo uwe makini. Wiki za mwanzo ni ngumu, sikudanganyi, vidole vinagoma, ila faida yake ni kwamba unaandika kile unachokihifadhi, na ukijifunza kwa Kikannada mpangilio huo huo unakuhudumia kwenye Kihindi, Kitelugu na Kimalayalam.

Ule wa KGP, alioubuni K. P. Rao, unaokuja na Nudi, ni rahisi zaidi kwa sisi tuliozoea herufi za Kilatini kwa sababu unafuata sauti. n, I kubwa, r, u, umepata maji. Herufi ndogo irabu fupi, herufi kubwa irabu ndefu, hivyo tu, na kichwani dirgha inageuka kuwa shifti. Wachapaji wengi wa huku vidole vyao viko kwenye huu na wanakimbia kweli kweli.

Kwenye simu Gboard inakuwezesha uandike "neeru" kwa Kilatini ikupe ನೀರು, na kwa meseji za kawaida inatosha kabisa, nyota zake nampa. Ila kwa kazi ya mteja usiitegemee kama hujui kusoma, maana "bele" ya Kilatini inaweza kuwa bei, ಬೆಲೆ, mazao, au dengu, na ni wewe unayetakiwa kuchagua iliyo sahihi kwenye orodha. Kingine cha kujua hapo, ukiwa kwenye programu inayofuta namba moja kwa kila mguso: ukifuta ukiwa umesimama mwishoni mwa ಕೋ ya namba moja irabu yote inaondoka inabaki ka, ukifuta mwishoni mwa ಕೋ ya vipande mkia tu ndo unaondoka, inabaki ಕೊ, ko fupi, nayo ni herufi halali kabisa. Hiyo ni njia nzuri ya haraka ya kujua una ipi bila kufungua kifaa chochote cha kiufundi, na mi naitumia kila nikipokea maneno toka kwa mtu.

Dawa ya yote haya ipo na ni ya bure pia, inaitwa NFC, yaani kuyapitisha maandishi yote yaunganishwe yawe kwenye umbo la namba moja moja kabla hujayahifadhi. Kwenye lugha ya programu ya Python ni mstari mmoja, unicodedata.normalize, hifadhidata ya Postgres nayo tangu toleo la 13 ina normalize yake ndani. Duka la mtandaoni likifanya hivyo kwa bidhaa zake na pia kwa lile neno analoandika mteja kwenye kisanduku cha kutafuta, ನೀರು itaipata ನೀರು. Lisipofanya, bidhaa ipo, mteja yupo, na wanapishana. Angalia pia majina ya mafaili, Mac za zamani zenye mfumo wa HFS+ zilikuwa zinayahifadhi majina yakiwa yamefumuliwa, kwaiyo faili lililotoka huko ukilileta kwenye seva ya Linux na kulitafuta kwa jina uliloliandika kwa kibodi, seva inakujibu halipo wakati unaliona kwa macho. Na kama mgahawa unatuma ofa kwa SMS, meseji ya Kikannada inabeba namba 70 tu badala ya 160 za Kilatini, kila mkia unaojitegemea unakula nafasi, meseji moja inageuka mbili na bili inapanda.

Msitegemee kwamba Unicode watakuja kulisafisha hili kwa kuiondoa njia moja. Wakishachapisha kitu hawakifuti. Kwenye eneo hilo hilo la Kikannada kuna herufi ya kale ೞ, namba 0CDE, ambayo jina lake rasmi ni KANNADA LETTER FA, na jina ni kosa, hiyo siyo fa, ilitakiwa kuitwa LLLA, kosa linajulikana, wakaongeza jina la kusahihisha pembeni lakini lile la mwanzo lipo palepale. Mi naona wanafanya sawa, kwa sababu wakianza kubadilisha namba kila wakigundua kosa basi vitabu vyote vilivyoandikwa kabla vinageuka takataka. Kuunganisha ni kazi yetu huku chini.

Nyota zangu: Noto Serif Kannada 5 kati ya 5 kwa vitabu, Noto Sans 4 kwa sababu kwenye maandishi marefu inachosha macho yangu, Tiro 4 mpaka siku itakapopata nene, Anek 4 ukiwa na nidhamu ya kutoibana, InScript 5, KGP 5 kwa mwenye haraka. Zote zinapatikana bila kulipa senti, kwaiyo anayekuuzia CD ya fonti 500 za Kikannada pale mitaani mwachie, nyingi ni zile zile za ¤Ã, na usikubali kuanza nazo kazi mpya hata kama umbo lake limekupendeza. Na ukishapanga, kabla hujatuma kiwandani, toa PDF, kopi ಶ್ರೀ toka kwenye hiyo PDF uipesti mahali pengine uone kama inarudi nzima na mkia wake, kwa sababu kuna programu za kupangia kurasa ambazo mpaka uwashe kipangaji cha maandishi ya lugha za dunia kwenye mipangilio ya aya ndo zinachora ottu na dirgha sawasawa, na hicho kipangaji mara nyingi hukikuti kimewashwa.